Damu Ipimwe, Isikadiriwe kwa Macho

Mama akishajifungua na mtoto akalia, macho yote chumbani humgeukia mtoto. Saa inayofuata ndiyo saa ya hatari ya mama. Mfuko wa uzazi usipojikaza baada ya kondo la nyuma kutoka, mishipa iliyokuwa ikililisha kondo hubaki wazi, na mwanamke aliyeingia leba kwa miguu yake anaweza kufariki ndani ya saa mbili tatu. Mwenye upungufu wa damu, na wako wengi katika kliniki zetu za wajawazito, hana hata muda huo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa wanawake milioni 14 hivi hutokwa na damu kupita kiasi baada ya kujifungua kila mwaka. Mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walikufa kwa sababu za ujauzito na uzazi duniani kote. Takriban saba kati ya kila kumi walikuwa wa Afrika kusini mwa Sahara.

Jibu la sehemu kubwa ya balaa hili limeshapatikana. Limepatikana katika hospitali zetu wenyewe, kwa wakunga wetu na wazazi wetu, na bei yake ni ndogo. Bado halijafika kwenye kila kitanda cha leba, na hilo ndilo linalotufanya tuandike.

Kwa miaka mingi damu ya mzazi imekuwa ikikadiriwa kwa macho. Mkunga hutazama khanga, pamba na gozi zilizolowa, hutupa jicho sakafuni, kisha huandika kiasi kwenye faili. Hana nia ya kudanganya. Khanga hunywa damu nyingi bila kuonyesha, maji ya uzazi huchanganyika nayo, taa ni hafifu, na huku kitanda cha jirani mwingine anasukuma. Tafiti zimeonyesha tena na tena kwamba macho hukadiria pungufu, na kwamba hukosea zaidi kadiri damu inavyozidi. Yaani jicho hukosea pale pale linapohitajika kusema kweli. Muuza sukari wa mtaani hakukadirii kilo kwa macho. Anayo mizani, na ukimshuku unamwambia apime upya mbele yako. Damu ya mama haikuwa na mizani.

Mwaka 2023 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa matokeo ya jaribio lililopewa jina la E-MOTIVE. Lilifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, likahusisha wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Lilisimamiwa na Chuo Kikuu cha Birmingham cha Uingereza pamoja na WHO. Kazi yenyewe, lakini, ilifanywa na watu wa huku, na miongoni mwa walioiongoza ni Profesa Zahida Qureshi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Dk. Fadhlun Alwy wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili.

Kifaa chenyewe hakina maajabu. Ni shuka la plastiki linalotandikwa chini ya makalio ya mama mara tu mtoto anapotoka, na upande wake wa mwisho una mfuko unaoning'inia ukingoni mwa kitanda. Damu inateremka mfukoni. Mfuko umechorwa mistari, mmoja kwenye mililita 300 na mwingine kwenye mililita 500. Kila baada ya robo saa, kwa saa nzima ya kwanza, mkunga anasoma mstari, anapima presha na mapigo ya moyo, anagusa tumbo kuona kama mfuko wa uzazi umekaza. Damu ikifika mstari wa 500, au ikifika wa 300 na presha au mapigo hayaendi sawa, hasubiri kuitisha mkutano. Anaanza tiba tano kwa mpigo: kulisugua tumbo ili mfuko wa uzazi ujikaze, dawa ya kuukaza, dawa ya kuzuia damu kuyeyusha mabonge yake, dripu, na kumkagua mama kuona kama kuna mchaniko au kipande cha kondo kilichobaki.

Hakuna hata moja kati ya hizo tano iliyokuwa ngeni. Zote zilikuwa tayari kwenye miongozo. Kilichokuwa kikitokea ni kwamba zilitolewa moja moja: unampa hii, unasubiri uone, haikusaidia, unampa ile. Huku damu haisubiri.

Hospitali ziligawanywa kwa kura. Zile za upande wa pili nazo zilipewa shuka la plastiki la kukusanyia damu, ila lao halikuwa na mistari, na zikaendelea na utaratibu wake wa kawaida. Penye mistari, wazazi waliotokwa na damu nyingi waligunduliwa mara 93 kati ya 100. Pasipo na mistari, mara 51 tu. Karibu nusu walikuwa wakivuja damu bila mtu kujua kuwa ni hatari. Na mambo makubwa yaliyohofiwa, yaani kupoteza zaidi ya lita moja, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu, au kufa kwa damu, yaliwapata wanawake 1.6 kati ya kila 100 upande wa mistari na 4.3 upande wa pili. Hilo ni punguzo la asilimia 60 hivi. Tuseme na upande wake wa pili, maana anayetetea ushahidi hana ruhusa ya kuuchuja: vifo peke yake vilikuwa vichache mno katika pande zote mbili kiasi kwamba jaribio halikuweza kuthibitisha punguzo la vifo vyenyewe. Lililothibitika ni kwamba wanawake wengi hawakufikishwa kwenye ukingo. Kwetu sisi hilo linatosha kununua shuka.

Oktoba 2025 WHO, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya wakunga na ya madaktari wa uzazi, walitoa mwongozo unaofuata njia hiyo hiyo. Asingojewe mama afikishe nusu lita. Mililita 300 pamoja na dalili moja mbaya ya presha au mapigo inatosha kuanza tiba. Mwongozo kama huo hauna maana yoyote mahali ambapo hakuna chombo cha kuonyesha 300 ni wapi.

Ile dawa ya kulinda mabonge ya damu, asidi ya traneksamiki, ina historia ambayo kila mwenye mamlaka ya kutia saini manunuzi ya dawa angepaswa kuijua. Iligunduliwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Utako Okamoto na mumewe Shosuke. Utako alikuwa akifanya kazi maabara huku bintiye yuko mgongoni. Tangu mwanzo alitaka dawa hiyo ijaribiwe kwa wazazi wanaovuja damu, lakini madaktari wa uzazi aliowaendea hawakuitikia. Dawa ikazunguka duniani kwa kazi nyingine, kwenye meno na kwenye hedhi nzito, miaka zaidi ya 40. Jaribio kubwa lilikuja kufanywa na Shule ya Usafi na Tiba ya Kitropiki ya London, katika hospitali 193 za nchi 21, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwamo, kwa wanawake 20,060. Matokeo yalitoka Aprili 2017. Waliopewa dawa ndani ya saa tatu tangu kujifungua walipungukiwa na hatari ya kufa kwa damu kwa karibu theluthi moja. Waliochelewa zaidi ya saa tatu hawakufaidika. Hesabu iliyofuata ilionyesha kuwa kila robo saa ya kuchelewa huondoa asilimia 10 ya faida ya dawa. Utako Okamoto alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 98, mwaka mmoja kabla ya kujua.

Zingatia hiyo robo saa. Dawa iliyofungiwa stoo na ufunguo ukaenda nyumbani na mtunza stoo ni dawa isiyokuwepo. Rufaa ya saa nne kwa gari la kuazima, bila sindano hiyo kuchomwa kwenye zahanati kabla ya safari, inamfikisha mama hospitali ya wilaya baada ya dawa kwisha kazi. Tunayasema haya kwa sababu mara nyingi wakubwa wakiulizwa hujibu kwamba dawa "ipo nchini". Ipo nchini haimsaidii aliyelala leba.

Oksitosini, dawa mama ya kukaza mfuko wa uzazi, ina shida yake nyingine. Inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika siku mbili, au friji ikajazwa chakula cha zamu ya usiku hadi mlango haufungi, dawa hupoteza nguvu bila kubadilika rangi. Mkunga anachoma sindano, anaandika kuwa amechoma, na mfuko wa uzazi unabaki laini. Mwaka 2018 WHO ilionyesha, kwa wanawake karibu 30,000 wa nchi 10 ambamo Kenya na Uganda zimo, kwamba karbetosini isiyohitaji friji inazuia damu sawa na oksitosini iliyohifadhiwa vizuri. Hatusemi oksitosini itupwe. Tunasema zahanati isiyo na umeme wa uhakika isilazimishwe kuitegemea hiyo tu, na Bohari ya Dawa ya Tanzania na KEMSA, mamlaka ya vifaa tiba ya Kenya, zinunue kwa kuangalia mahali dawa inakokwenda. Bei ya chupa peke yake haitoshi kuamulia.

Wako watakaosema haya ni mambo ya makaratasi, na kwamba mkunga aliyezalisha miaka 30 hahitaji kuelekezwa na mfuko wa plastiki. Tunamheshimu mkunga wa miaka 30. Bila yeye tungezika wengi zaidi. Lakini fani ya uzazi ina kumbukumbu chungu za uzoefu usiopimwa. Kuanzia miaka ya 1940, wanawake wengi wa Marekani na Ulaya walipewa homoni iitwayo DES, wakiambiwa inazuia mimba kuharibika. Mwaka 1953 jaribio lililofanywa Chicago lilionyesha kuwa haizuii lolote. Madaktari wakaendelea kuiandika, maana kila mmoja alikuwa na mgonjwa wake aliyeimeza akajifungua salama. Mwaka 1971 ndipo mamlaka ya dawa ya Marekani ilipowaonya wasiwape tena wajawazito, baada ya saratani adimu ya uke kuonekana kwa mabinti waliokuwa tumboni wakati mama zao wakiimeza. Miaka 18 ilipita kati ya ushahidi na onyo.

Daktari Mskoti Archie Cochrane, ambaye jina lake leo limebebwa na mtandao mkubwa wa kuchambua tafiti za tiba, mwaka 1979 aliwapa madaktari wa uzazi nafasi ya mwisho kati ya fani zote kwa kutopima wanachokifanya. Waliumia, na baadhi yao wakafanya kazi. Iain Chalmers na wenzake walikusanya majaribio yote ya uzazi waliyoweza kuyapata, wakayapanga, na mwaka 1989 wakatoa kitabu chenye orodha ya mambo yanayofaa, yanayohitaji utafiti zaidi, na yanayopaswa kuachwa. Orodha ya kuachwa iliwakera wengi. Ilikuwamo desturi ya kumchana kila mama njia, ambayo huku tunaita kuongezewa njia. Mwaka 1993 jaribio la Argentina, lenye wanawake 2,606, liliondoa ubishi: kuwachana wote hakupunguzi michaniko mikubwa, kunaongeza nyuzi na maumivu. WHO haipendekezi ifanywe kwa kila mzazi. Na bado wako wanawake wanaotoka leba wameshonwa bila kuambiwa kwa nini walichanwa.

Hata mwendo wa uchungu wenyewe ulikuwa umekadiriwa. Wakunga wengi walifundishwa kwamba njia lazima ifunguke sentimita moja kila saa, na anayechelewa apewe dawa ya kuongeza uchungu au apelekwe kupasuliwa. Utafiti wa hospitali 13 za Uganda na Nigeria, wenye wanawake karibu 10,000, ulionyesha kuwa wengi huenda polepole kuliko hapo na hujifungua salama. Mwaka 2018 WHO iliiacha kanuni hiyo. Wanawake wa Uganda na Nigeria waliwafundisha walimu.

Ushahidi unakata pande zote mbili, na hapo ndipo wanaoupenda kwa maneno hupata taabu. Chukua dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto njiti. Madaktari Liggins na Howie wa Auckland, New Zealand, walionyesha mwaka 1972 kuwa sindano ya steroidi kwa mama mwenye uchungu wa mapema inaokoa watoto. Ilichukua karibu miaka 20 kwa majaribio kukusanywa pamoja na dunia kuamini, na mchoro wa majaribio hayo ndio nembo ya Cochrane hadi leo. Basi wengi wakaona: dawa rahisi, isambazwe hadi zahanati za vijijini. Ikajaribiwa hivyo katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwamo, na mwaka 2015 majibu yakaja kinyume. Vifo vya watoto kwa jumla viliongezeka, na maambukizi kwa akina mama pia. Wengi waliochomwa hawakuwa na mimba changa kama ilivyodhaniwa. Umri wa mimba ulikuwa umekisiwa. Mwaka 2020 jaribio lingine, Kenya ikiwemo tena, lilifanywa katika hospitali zenye altrasaundi ya kuhakiki umri wa mimba na zenye huduma ya watoto wachanga. Safari hii watoto waliokufa walikuwa chini ya 20 katika kila 100, dhidi ya 23 na zaidi kwa wasiopewa. Sindano ni ile ile. Penye kipimo iliokoa, pasipo na kipimo iliumiza.

Kadhalika asidi ya traneksamiki. Baada ya mafanikio ya 2017 ikaonekana ni busara kumpa kila mzazi mwenye upungufu wa damu mapema, kabla hajaanza kuvuja. Jaribio la Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistani lenye wanawake 15,000 lilikuta kuwa haizuii. Matokeo ya namna hii hayapigiwi makofi mahali popote, lakini yana thamani ya fedha taslimu kwa wizara inayopanga bajeti. Na Dar es Salaam, wanawake 11,000 wenye mimba ya kwanza walishiriki jaribio lililotoa majibu mapema 2024: miligramu 500 za kalisi kwa siku zinazuia presha ya mimba sawasawa na miligramu 1,500 zilizokuwa zikipendekezwa. Kidonge kimoja badala ya vitatu. Mzigo wa kubeba, kuhifadhi na kumeza umepungua kwa theluthi mbili, na anayepaswa kuwa wa kwanza kulitumia jibu hilo ni Tanzania iliyolitoa.

Sindano ya uzazi wa mpango nayo ilisemwa miaka mingi kuwa inafungulia mlango virusi vya Ukimwi. Wengine waliacha kwa hofu, wakabeba mimba wasizozitaka. Mwaka 2019 jaribio la wanawake 7,829 wa Kisumu, Zambia, Eswatini na Afrika Kusini lililinganisha sindano, kitanzi na kijiti, na halikuona tofauti kubwa ya maambukizi kati ya njia hizo. Sindano ikasafishwa jina. Lakini jaribio hilo hilo lilionyesha jambo la kutisha: kila mwaka karibu wanne kati ya kila 100 waliambukizwa, wakiwa ndani ya utafiti wenye ushauri na kondomu za bure. Magazeti yaliandika la sindano. La pili lilipita kimya.

Sasa tuje kwenye tiba isiyo na bei, inayokataliwa zaidi kuliko zote.

Mwanamke kuwa na mtu wake wa karibu leba, muda wote wa uchungu, ni jambo lililopimwa kama dawa zinavyopimwa. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017 yalikusanya majaribio 26 ya nchi 17, zaidi ya wanawake 15,000. Waliokuwa na msindikizaji walijifungua kwa njia ya kawaida zaidi, walipasuliwa mara chache zaidi, uchungu wao ulikuwa mfupi, watoto wao walizaliwa na hali nzuri zaidi, na wachache zaidi walisema uzazi wao ulikuwa na kumbukumbu mbaya. Madhara hayakuonekana. Dawa yenye sifa hizo ingeuzwa kwa bei ya dhahabu. WHO inaipendekeza kwa kila mzazi.

Nenda kwenye hospitali nyingi za umma utamkuta mama mzazi, dada au mama mkwe amekaa nje kwenye benchi au chini ya mwembe, chupa ya chai na ndoo pembeni, akingoja aitwe jina. Ndani binti yake yuko peke yake, mkunga mmoja kwa vitanda vinne au vitano. Tukiuliza kwa nini, majibu ni mawili. La kwanza ni kwamba wodi ni wazi na wasindikizaji watavunja faragha ya wengine. Ni hoja ya kweli, na dawa yake ni pazia. Kwa bei ya warsha moja ya siku tatu hotelini unanunua mapazia ya wodi nzima na chenji inabaki. Mahali ambapo hata pazia halijafika, aanze kuruhusiwa msindikizaji mwanamke. Wanaume wasubiri vyumba vya pekee vijengwe. La pili, ambalo husemwa kwa sauti ya chini, ni kwamba msindikizaji anaona. Anaona mama akifokewa, akipigwa kofi la paja, akikandamizwa tumbo ili mtoto atoke, jambo ambalo nalo halipendekezwi na WHO. Hiyo si hoja ya kumzuia. Hiyo ni sababu ya kumwingiza.

Mkunga pia anafaidika. Msindikizaji aliyeelekezwa dakika kumi anasugua mgongo, anampa maji, anamsaidia kutembea, na baada ya mtoto kutoka anaweza kuutazama ule mfuko wenye mistari na kusema, "Sista, imefika kwenye mstari."

Wengine hutuambia kwamba shida yetu ni uhaba wa wakunga, kwa hiyo tusidanganyane na plastiki. Uhaba upo na hatuupunguzi hata kwa neno moja. Ila E-MOTIVE haikufanyika Geneva. Ilifanyika kwenye hospitali zenye uhaba huo huo, zamu zile zile, msongamano ule ule. Walichoongezewa ni shuka lenye mistari, toroli lenye dawa zote mahali pamoja, mafunzo ya kazini, na mtu mmoja wa kila wodi wa kufuatilia takwimu na kuzirudisha kwa wenzake. Tunakubali pia kwamba shuka pasipo dawa ni mfuko wa kutazamia mtu akifa. Ndiyo maana tunataka vyote viwili viingie kwenye oda moja.

Tanzania ina sababu ya kujivunia: utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta vifo 104 vya uzazi katika kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vya utafiti wa 2015 na 2016. Sensa ya Kenya ya 2019 ilitoa vifo 355 kwa kipimo hicho hicho. Takwimu nzuri zina ugonjwa wake. Huwapa usingizi watunga bajeti. Hao waliobaki ndio wagumu kuwafikia, na wengi wao hawatafikiwa kwa jengo jipya la ghorofa. Watafikiwa kwa friji inayofanya kazi, sindano iliyo karibu, na mstari wa mililita 300.

Wizara za afya za Kenya na Tanzania tunaziomba mambo machache. Shuka lenye mistari liandikwe kwenye orodha ya vifaa vya lazima vya kila kituo kinachozalisha, liwe na fungu lake la fedha za ndani, lisitegemee mradi utakaofungwa wafadhili wakiondoka. Tuliona mwaka 2025 jinsi wafadhili wanavyoweza kuondoka kwa wiki moja. Asidi ya traneksamiki iwe ndani ya chumba cha leba, si stoo, na mkunga wa zahanati aruhusiwe kuichoma kabla ya rufaa. Serikali za kaunti na halmashauri zitangaze, kila robo mwaka, ni vituo vingapi vyao viliishiwa na dawa hizi na kwa siku ngapi. Waganga wakuu wawape wasindikizaji ruhusa kwa maandishi, ibandikwe mlangoni, ili isitegemee hisia za aliye zamu.

Watafiti nao tunawadai. Mwanamke aliyetia saini au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa Kisumu, Mwanza au Nairobi ana haki ya kusikia majibu kwa Kiswahili, kwenye kliniki alikochukuliwa takwimu zake. Isiishie kwenye jarida la ng'ambo ambalo hata mkunga wake halipati.

Na wewe unayekaribia kujifungua, au unayemsindikiza mkeo, binti au dada yako: ukifika kliniki wiki hii, uliza maswali matatu. Nani ataruhusiwa kukaa nami leba? Damu yangu itapimwa kwa kifaa gani? Ikizidi, dawa iko chumba gani na ufunguo anao nani? Usikubali kuambiwa "usiwe na wasiwasi". Ngoja ujibiwe.